Uzoefu wangu na Shamiri: tiba ya kikundi ya bure kwa wanafunzi wa sekondari Kenya

Nawaandikia walimu wenzangu wa ushauri nasaha ambao shule zao zinafikiria kuukaribisha mpango huu. Unafaa, na mimi naupendekeza. Ila kinachoufanya ufanikiwe au ukwame kiko zaidi mikononi mwa shule kuliko mwa wanaouleta.

Huduma ni fupi: saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, katika vikundi vya wanafunzi 8 hadi 15. Anayeongoza si mwanasaikolojia bali kijana aliyemaliza sekondari juzijuzi, aliyefunzwa kazi hiyo na anayesimamiwa. Vipindi viwili vya kwanza vinahusu imani kwamba mtu hubadilika na uwezo hukua, cha tatu shukrani, cha nne mambo ambayo mwanafunzi anayathamini na namna ya kuyaishi. Hakuna anayeitwa mgonjwa, na hapo ndipo naupa alama za juu kabisa. Mvulana wa kidato cha pili ambaye hathubutu kuonekana mlangoni pa ofisi ya ushauri ataandika ukurasa mzima kuhusu yaliyo moyoni mwake akiwa na kiongozi aliye kama kaka, asiyeweza kumwadhibu wala kumripoti kwa naibu mkuu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry uliwahusisha wanafunzi 413 wa Kenya wenye dalili kubwa za sonona (huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi. Wengine walipata Shamiri, wengine wakafunzwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Waliopata Shamiri walipungukiwa na dalili zaidi, na tofauti hiyo bado ilionekana miezi saba baadaye.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni ratiba. Kipindi kimoja kikiliwa na michezo au masomo ya ziada, cha nne huangukia kwenye mitihani ya katikati ya muhula na hakifanyiki tena. Anzeni wiki ya pili ya muhula, uacheni muhula wa tatu kwa sababu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mkuu wa shule aiweke saa hiyo kwenye ratiba rasmi. Chumba nacho: kikundi kimoja, darasa moja, viti kwa duara, mlango umefungwa. Vikundi viwili ndani ya ukumbi mmoja husikilizana, na mtoto akijua anasikika atasema tu yasiyo na uzito. Usimweke kiranja pamoja na anaowasimamia bwenini. Mwalimu akae nje, lakini karibu.

Dodoso ambazo wanafunzi hujaza kuhusu hali yao zinahitaji uangalifu zaidi. PHQ-8 hupima sonona kwa maswali manane, alama 0 hadi 24. GAD-7 hupima wasiwasi kwa maswali saba, alama 0 hadi 21. Kwenye zote mbili, alama 10 kwenda juu ni za kufuatiliwa. Zikijazwa wanafunzi wakiwa wamebanana dawatini, wanaiga majibu ya jirani. Tenganisheni viti, tumieni namba badala ya majina, na karatasi zisikusanywe na mwanafunzi mwenzao. Kisha kumbukeni kwamba PHQ-8 haina swali la kujiua, limeondolewa makusudi. Mtoto mwenye alama 6 anaweza kuwa na wazo hilo na karatasi isioneshe chochote. Kwa hiyo lazima pawe na mtu mzima anayejua kuuliza swali hilo waziwazi, bila kutisha.

Kabla ya kikao cha kwanza, andikeni njia ya rufaa: hospitali gani, nani anamsindikiza, nauli inatoka wapi, mzazi anaarifiwa na nani na anaambiwa nini. Bandikeni pia namba 116 ya Childline Kenya, simu ya msaada kwa watoto, ambayo kuipiga ni bure, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Anayejikata, aliyenajisiwa au anayezungumzia kufa asingoje wiki ya nne. Mpelekeni kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na akitaka kuendelea na kikundi chake, aachiwe nafasi yake.