IODA: ya kuangalia kama mtandao umekata kweli au ni simu yako tu (maoni kutoka Moshi)

Wakuu habarini. Leo naongelea IODA, huduma ya bure ya kuangalia hali ya intaneti nchi kwa nchi, inaendeshwa na watafiti wa Georgia Tech kule Marekani, huna haja ya kujisajili wala kulipia, unafungua tu unachagua Tanzania. Mimi nina steshenari hapa Moshi mjini, sio mbali na stendi, na kazi karibu zote ni za mtandaoni, vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya wanafunzi, kontrol namba, tiketi za basi. Mtandao ukilala na mimi nimelala. Ila kinachoniuma zaidi ya kukatika kwenyewe ni uongo unaosambaa baada ya hapo.

Mnakumbuka Mei 2024, ile Jumapili ya tarehe 12, mikongo ya baharini EASSy na Seacom, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ikakatika kwa pamoja upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukawa kati ya walioumia sana. Kwenye magrupu ya wasap kila mtu ana lake, huyu satelaiti imeanguka, yule dunia nzima inazimwa siku tatu, mwingine anasema toeni hela zenu kwenye simu haraka. Mama mmoja mteja wangu alikuja na simu kaishika kwa mikono miwili, ananiuliza, "Mwanangu, hela zangu za ada bado zipo humu?" Sasa mtu kama huyo huwezi kumjibu kwa kubahatisha, unamjibu kwa kitu ulichokiona kimepimwa. Na maelezo ya kweli yalikuwepo: kule Bahari ya Shamu nyaya kadhaa, Seacom ikiwemo, zilikuwa zimeshakatika tangu Februari mwaka huohuo, kwa hiyo njia ya kaskazini ilishakuwa na pengo, ikaja kukatika ya kusini ndo tukabanwa pande zote. Hela ya mama haikuwa imeenda popote, kilichokatika ni njia ya kutoka nje ya nchi.

Sasa IODA inafanyaje kazi. Ina vipimo vikuu vya aina tatu kwenye mchoro mmoja. Cha kwanza kinaangalia yale matangazo ambayo mitandao inapeana duniani, kwamba anwani fulani (zile namba za kutambulisha vifaa mtandaoni) zinafikika kupitia kwangu. Cha pili kinazigonga anwani zenyewe na kusubiri jibu, yaani ni kama kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Cha tatu kinasikiliza zile takataka za intaneti, yaani ujumbe ambao hakuna aliyeuomba, zinazotumwa kwenye anwani zisizo na mtu, zikipungua ghafla kutoka nchi fulani ujue kuna jambo. Uzuri uko kwenye kuvisoma pamoja. Matangazo yakiwa yamekaa sawa lakini majibu ya hodi yameporomoka, tatizo linaweza kuwa umeme au njia imezidiwa, vikianguka vyote kwa pamoja hapo kuna kitu kikubwa. Pia unaweza kuangalia kampuni moja moja, kwa hiyo unajua ni mtandao wako peke yake au ni wote, na kwangu hiki ndo kitu kinachonisaidia kuliko vyote maana kama ni mmoja nabadilisha laini kazi inaendelea.

Mapungufu yapo. Simu zetu nyingi zinatumia anwani moja kwa kuchangia, kwa hiyo kile kipimo cha hodi hakioni simu ya mtu mmoja mmoja, na ukishuka hadi ngazi ya mkoa usitegemee picha ya Kilimanjaro iwe kali kama ya nchi nzima. Saa zake ni za UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza masaa matatu, ukiona 09:00 kwetu ni saa sita mchana, msije mkagombana bure na wahudumu wa kampuni za simu. Na michoro ni mizito kwenye simu ndogo, kompyuta ni afadhali.

Kubwa zaidi, IODA inapima njia, haipimi mashine. 19 Julai 2024 ile ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, sasisho lao bovu liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, ndege zikakwama, hospitali zikahangaika, na njia za intaneti zilikuwa nzima kabisa. Siku kama hiyo usitafute jibu IODA, subiri ripoti ya kampuni husika, na CrowdStrike walitoa, wakaeleza hadi faili lenyewe lililoleta shida. Facebook nao walipopotea 4 Oktoba 2021 kwa karibu masaa sita walieleza wenyewe kwamba ni amri ya matengenezo iliyokata uti wa mgongo wa mtandao wao.

Wengine wataniuliza Downdetector je, ile tovuti ambayo watu wanaripoti huduma ikigoma. Ni nzuri kwa kushtuka mapema, ila inahesabu malalamiko ya watu, haipimi, na watu wakiwa na hofu wanalalamikia hata kisichokufa. Halafu 18 Novemba 2025 Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi zinapitia kwake, ilipoanguka, Downdetector nayo ikawa haifunguki maana inapitia hukohuko. Hata Amazon, 28 Februari 2017, ukurasa wao wa kuonyesha hali ya huduma ulibaki kijani wakati huduma yao ya kuhifadhi data imekufa, kwa sababu ulitegemea kilekile kilichokufa! Ndo maana siku hizi nikiona taarifa yoyote ya mtandao kuzimika nauliza kwanza nani amepima, amepima nini, na yeye amesimama wapi wakati anapima.

Kwa ujumla naipa nyota nne kati ya tano. Wenzangu wenye steshenari na mawakala wa Moshi na Arusha, iwekeni kwenye kompyuta ya kazini, na muwe na laini ya mtandao wa pili yenye bando dogo, maana laini yenu kuu ikifa hata hiyo IODA hamtaifungua. Mimi mchoro wa Tanzania nauweka kwenye skrini inayotazama wateja, foleni ikianza kunung'unika nawaonyesha pale ulipoporomoka na saa ulipoanza.