Kiyoyozi cha Malindi: Tazama Kipande cha Nje Kabla Hujalipa

Fundi aliponiambia kwa mara ya tatu, "Dada, gesi imeisha," nilimwomba afungue kifuniko cha kipande cha nje tuangalie sote. Vile vibati vyembamba vya alumini, mafundi huviita fini, vilikuwa vimegeuka unga mweupe. Nilipovigusa vikamomonyoka kama chokaa ya ukuta mkongwe. Kiyoyozi chenyewe nilikinunua shilingi 38,000, kikakaa miaka miwili tu hapa kwetu Shela ya Malindi, na gesi nilikwisha kuilipia mara mbili.

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Haichomwi kama petroli, inazunguka humo humo. Kompresa huibana ikawa moto, koili ya nje huitoa joto lile ikawa kimiminika, kisha hupita kwenye tundu jembamba, shinikizo likashuka, ikachemkia ndani ya koili ya chumbani huku ikinyonya joto letu. Ikipungua, ujue inavuja. Na huku kwetu huanzia pale nje. Kusi likivuma huleta rasharasha ya bahari, chumvi hukaa kwenye fini, na shaba inapogusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Bomba la koili nalo likiwa la alumini, kulitoboa ni kazi ndogo na kuliziba ni kazi kubwa.

Kwa hiyo habari za BTU, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza, na rimoti nawaachia wauzaji. Mimi nauliza mawili: fini zimepakwa dawa ya kuzuia chumvi? Bomba ni shaba?

Chaguo langu la kwanza ni Daikin ya inverta, yaani kompresa yake hubadili mwendo badala ya kuwaka na kuzima, inayotumia gesi ya R32, yenye fini zilizopakwa, na mapenzi yangu siyafichi. Ndio waliotoa kiyoyozi cha kwanza cha nyumbani cha R32, kule Japani, 2012. Gesi hiyo huchangia joto la dunia mara 675 kuliko kaboni dioksidi. R410A, gesi iliyoitangulia, ni mara 2,088. Ya dada yangu kule Casuarina imepita kusi nne na fini zimesimama wima. Ni ghali, nakubali.

La pili ni LG zenye Gold Fin, yaani fini zilizopakwa dawa ya rangi ya dhahabu, bomba likiwa la shaba. Rangi ya dhahabu kwenye chapa nisiyoijua hainitoshi, kwani rangi si dawa.

Za bei ya chini zisizo na inverta zinaweza kumfaa anayekaa ndani, kama Ganda. Ufuoni, hapana. Mtumba wa R22, gesi ya zamani, usiuguse: Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, inaikomesha gesi hiyo, na nchi kama yetu mwisho wake ni 2030, ikibaki kidogo tu ya matengenezo.

Siku ya fundi, simama naye. Kwanza azime swichi kuu, na kapasita aitoe chaji, maana hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Atafute uvujaji kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Akishaziba, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo apime gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. R32 hushika moto, kwa hiyo asichomelee bomba lenye gesi, na asiwepo wa kuvuta sigara karibu. Kipande cha nje kioshwe kila mwezi kwa maji ya bomba. Vijana wengi huosha kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya chumvi!

Linaloniuma ni maduka. Ukutani hutundika kipande cha ndani, cheupe, kinang'aa, na cha nje kinabaki katonini. Nilipoomba kufunguliwa, muuzaji alikasirika: "Mama, ukifungua umenunua." Bei hupandishwa wakisikia nyumba iko ufuoni, eti usafiri kutoka Mombasa. Na kadi ya waranti yangu, nilipoisoma baadaye kwa miwani, ilisema kutu ya chumvi haihesabiwi. Duka lile liko mjini Malindi, bahari unaisikia ukiwa mlangoni.