Darasa la Kuchora la Jumamosi, Isamilo: Karatasi Ni ya Mtoto

Mzazi wa Mwanza anayetafuta mahali pa kumpeleka mtoto Jumamosi asubuhi hakosi masomo ya ziada, kwa kuwa yapo karibu kila mtaa, na hakosi kwaya wala uwanja wa mpira; anachokikosa ni mahali ambapo mtoto ataketi na penseli, karatasi na rangi, afundishwe kuchora na mtu anayeichukulia kazi hiyo kwa uzito. Ndiyo maana nimeona ni haki kulieleza kwa kirefu darasa linaloendeshwa katika veranda ya nyumba moja ya zamani huko Isamilo, ambako binti yangu wa miaka saba anasoma tangu mwaka jana. Mwalimu ameomba asitajwe jina, kwa sababu nafasi ni chache na wanaosubiri ni wengi, nami nimeliheshimu ombi lake. Tathmini yangu kwa kifupi ni hii: kwa mtoto wa miaka minne hadi tisa, sijaona huduma nyingine katika jiji hili inayomjengea ujasiri kwa namna hii, ingawa lipo jambo moja ambalo natamani darasa liliache, na lipo kundi moja la watoto ambalo bado halijatendewa haki.

Kanuni kuu ya darasa ni kwamba mtu mzima haruhusiwi kuweka alama yoyote kwenye karatasi ya mtoto. Hakuna kurekebisha pua, hakuna kunyoosha mstari, hakuna kuandika jina la mtoto katikati ya mchoro wake kwa kalamu nyekundu. Mtu anaweza kudhani kwamba kanuni hiyo inamwacha mtoto bila msaada, lakini nilivyoona ni kinyume chake. Siku moja kijana mdogo, ambaye baba yake ni mvuvi, alikuwa akimchora baba huyo akivuta wavu kuingiza mtumbwini, na mikono aliyomchorea ilikuwa miwili iliyonyooka kama fito. Yeye mwenyewe aliona kwamba hapo hakuna mtu anayevuta kitu, akamwita mwalimu: “Mwalimu, naomba unichoree mkono.” Mwalimu hakuishika penseli. Alimfungia kipande cha kamba kwenye mguu wa meza, akamwambia, “Haya, vuta kama baba anavyovuta. Kiwiko chako kiko wapi sasa?” Kijana akavuta, akageuza shingo kukitazama kiwiko chake, akaiacha kamba na kurudi mbio kwenye karatasi. Mkono alioufuta na kuuchora upya ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na kiwiko kilikuwa kimepanda hadi usawa wa sikio, lakini baba yule sasa alikuwa anavuta kweli. Kama mwalimu angeuchora mkono mwenyewe, ungekuwa mzuri zaidi, na mtoto angeondoka akiwa na hakika kwamba mikono huchorwa na walimu.

Hali hiyo hiyo inaonekana katika suala la rangi, ambalo kwetu sisi wakazi wa kandokando ya ziwa lina uzito wa pekee. Watoto wengi wanaofika hapa wameshafundishwa kwamba maji ni ya bluu, majani ni ya kijani na jua ni la njano lililowekwa kwenye kona ya juu ya karatasi, na wapo waliowahi kukosolewa kwa kufanya vinginevyo. Binti yangu alipolipaka ziwa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, mwenzake wa pembeni alimwambia amekosea. Mwalimu hakuamua nani yuko sahihi. Jumamosi iliyofuata aliwapanga wawili wawili, akawateremsha pamoja na wasaidizi wake hadi ufukweni, akawataka kila mmoja ataje rangi anazoziona majini bila kulitaja neno “bluu” mpaka awe ameiona. Wakataja kijivu kama bati la zamani, kijani penye gugumaji, kahawia pale maji ya mvua yanapoingia kutoka mjini, na weupe mkali mahali jua lilipopiga. Na bluu nayo ilikuwapo, mbali, upande wa visiwa. Waliporudi verandani hapakuwa na michoro miwili ya ziwa iliyofanana. Naamini mtoto aliyeruhusiwa kuyaamini macho yake mbele ya wenzake amepata kitu ambacho hakipatikani kwa kuambiwa “jiamini” mara mia.

Mwalimu ana namna yake ya kuzungumza na watoto, na sisi wazazi tunaombwa tuifuate nyumbani. Haulizi “hiki ni nini?”, kwa sababu swali hilo humwambia mtoto kwamba mchoro wake haueleweki; husema “hebu nisimulie,” kisha ananyamaza na kusikiliza. Hasemi “wewe ni fundi kweli” wala “huyu ana kipaji,” bali hutaja alichokiona: kwamba umewapanga dagaa kwenye mwamba mstari kwa mstari, kwamba umebonyeza rangi kwa nguvu hapa na kuipitisha taratibu pale. Mwanzoni niliona kama ni ubahili wa sifa, hasa kwa sisi tuliozoea kumpigia mtoto makofi. Baada ya muda niliona kwamba watoto hawa hawamkimbilii mtu mzima baada ya kila mstari kuuliza kama umependeza, na kwamba mchoro ukiharibika hawalii bali wanageuza karatasi.

Wazazi wapya hupewa maelezo mafupi kuhusu hatua ambazo michoro ya watoto hupitia, na maelezo hayo peke yake yanatosha kumpunguzia mzazi wasiwasi. Mtoto wa miaka miwili huchorachora kwa kufurahia mwendo wa mkono. Karibu na miaka mitatu au minne hutokea mtu ambaye ni kichwa chenye miguu, bila tumbo wala kifua. Karibu na miaka sita mtoto huweka mstari wa ardhi chini na mbingu juu, na huweza kuchora nyumba ambayo ukuta wake hauzuii kuwaona waliomo ndani wakila. Watafiti wameyaona mambo haya kwa watoto wa nchi nyingi, na hakuna hata moja kati yake lililo kosa la kusahihishwa. Nilimsikia baba mmoja akimuuliza mwanawe wa miaka minne kwa nini mtu aliyemchora hana tumbo, mwalimu akamjibu kwa upole, “Mzazi, tumbo litakuja lenyewe. Tusimharakishe.”

Vifaa ni vya kawaida, lakini vimechaguliwa kwa akili. Karatasi nyembamba za rimu hutumika kwa penseli tu, kwa kuwa zikipata maji hujikunja na kutoboka. Kwa rangi za maji na rangi nzito hutumika manila inayokatwa vipande vinne, na mara nyingine maboksi yaliyofunguliwa. Mkaa wa jikoni hutumika kuchorea mawe, na hapa Mwanza mawe hayahitaji kutafutwa. Rangi ngumu za nta zinazouzwa kwa bei ndogo katika maduka mengi ya vifaa vya shule hazitumiki sana, kwa sababu mtoto hubonyeza mpaka vidole vinauma na rangi inayotoka ni hafifu. Badala yake darasa hutumia vijiti laini vya rangi ya mafuta, ambavyo vinafunika karatasi vizuri na vinachanganyika kwa kidole. Vijiti vya aina hiyo vina historia inayolihusu darasa hili moja kwa moja. Mwaka 1919 mchoraji Kanae Yamamoto wa Japani aliendesha harakati za kutaka watoto wa shule wachore wanachokiona wao wenyewe badala ya kunakili vielelezo, na ni katika mazingira ya harakati hizo ambapo kampuni ya Sakura ilitoa rangi za Cray-Pas mwaka 1925, zikiwa laini kiasi cha kumfaa mtoto anayechora kwa uhuru. Hapa kwetu, Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo wa uchoraji uliojulikana duniani kote kwa kutumia mbao nyepesi za ujenzi na rangi ya kupakia baiskeli, bila kupita chuo chochote cha sanaa. Mzazi asiye na fedha za kununulia rangi laini asidhani kwamba mtoto wake amefungiwa njia.

Zoezi lililonivutia kuliko mengine yote ni lile la karatasi nyeusi. Watoto waliombwa wakumbuke usiku usio na mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao ziwani na ukiwa juu ya kilima unaona kama mji mwingine umejengwa majini. Kila mtoto alipewa rangi mbili tu, njano na nyeupe. Wengine waliweka nukta moja moja kwa kuhesabu, mwingine alichora taa moja kubwa iliyojaza karatasi nzima na ndani yake samaki wanaokimbilia mwanga, na binti yangu aliacha karibu karatasi yote ikiwa nyeusi, akaweka taa tatu upande mmoja. Alipoulizwa asimulie, alisema wavuvi wengine wameenda kulala. Uamuzi kama ule, wa kuacha nafasi tupu na kuwa na sababu ya kuiacha, sikutegemea kuuona kwa mtoto wa umri wake.

Nayaeleza haya nikikumbuka mahali pengine mjini tulipowahi kumpeleka, ambako watoto walipewa karatasi zilizochapwa tayari picha za wanyama, wakatakiwa wapake rangi bila kutoka nje ya mistari, na aliyetoka nje ya mistari alirudishiwa karatasi. Kupaka kwa uangalifu ni zoezi zuri la vidole, sikatai, lakini mtoto hakuamua chochote: twiga alikuwa ameshachorwa na mtu mwingine. Kwa kuwa mtaala wa shule za msingi ulioboreshwa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo, natumaini walimu watakaolifundisha watapata nafasi ya kutembelea veranda kama hii kabla ya kuagiza michoro ya kunakili.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Mwisho wa muhula darasa hufanya maonyesho. Michoro hutundikwa kwa kamba na vibanio vya nguo kuizunguka veranda, wazazi na majirani hualikwa, na kila mtoto husimama kando ya kazi yake na kuieleza. Sehemu hiyo ni nzuri mno, na nimewaona watoto ambao nyumbani hawasemi mbele ya wageni wakieleza bila kuinamisha kichwa. Lakini baada ya hapo hutangazwa washindi watatu, wanapewa vyeti na maboksi ya rangi, na hapo kazi ya miezi mitatu inaanza kubomolewa. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Mark Lepper na wenzake, walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora wenyewe, wakawaahidi baadhi yao cheti chenye utepe endapo watachora, na wengine hawakuwaahidi kitu. Siku kadhaa baadaye, vifaa vilipowekwa tena bila ahadi yoyote, waliokuwa wameahidiwa cheti na kukipata walitumia kuchora karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Zawadi iliyoahidiwa ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua.

Matokeo yake tuliyaona hapa hapa. Muhula mmoja mshindi wa kwanza alikuwa amechora Jiwe la Bismarck, ule mwamba mashuhuri wa ziwani hapa Mwanza, wakati wa machweo. Muhula uliofuata Jiwe la Bismarck lilitundikwa karibu kila upande wa veranda, likiwa na machweo yale yale ya rangi ya chungwa, mikononi mwa watoto ambao wiki chache kabla walikuwa wakichora korongo, pikipiki, bibi zao na wadudu wa ziwani. Nilizungumza na mwalimu kuhusu hilo. Anaelewa vizuri, ila anasema wazazi ndio wanaodai washindi, na baadhi yao huuliza namba ya mtoto kama wanavyouliza nafasi aliyoshika darasani. Basi lawama hiyo ni yetu wazazi pia, na ninawaomba wenzangu tulimalize jambo hili wenyewe: fedha za zawadi zinunuliwe manila na rangi za kutumiwa na wote.

Kundi ambalo halijatendewa haki ni la watoto wa miaka kumi na kuendelea. Katika umri huo mtoto huanza kutaka mchoro ufanane na kitu chenyewe, hulinganisha kazi yake na picha anazoziona kwenye simu, na wengi ndipo wanapoacha kuchora kabisa wakisema hawawezi. Kumwambia mtoto huyo “hebu nisimulie” hakumtoshi. Anahitaji kufundishwa namna mwanga na kivuli vinavyolifanya jiwe lionekane la duara, namna mtumbwi wa mbali unavyokuwa mdogo, namna ya kupima kwa penseli iliyonyooshwa mbele ya jicho. Darasa huwapa wakubwa meza ile ile na zoezi lile lile la wadogo, na nimemwona mvulana wa miaka kumi na moja akikunjakunja karatasi moja baada ya nyingine bila mtu kuwa na nafasi ya kukaa naye. Ziara ya Makumbusho ya Bujora kule Kisesa, ambako waliketi kuchora ngoma za watemi kwa muda mrefu, ndiyo siku pekee niliyoona wakubwa wamepata kazi ya kiasi chao.

Ada ni shilingi 6,000 kwa kila Jumamosi, vifaa vikiwemo, kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu asubuhi. Mtoto avae nguo isiyoogopa rangi na aje na chupa ya maji. Kivuli cha veranda kinatosha, ila mvua ya upepo ikija meza za mbele hulowa. Mzazi anaruhusiwa kukaa, mradi mikono yake ibaki mbali na karatasi. Kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi, ajiandikishe kwenye orodha ya kusubiri mapema. Kwa mwenye mkubwa zaidi, azungumze kwanza na mwalimu amuulize kama kipindi cha pili, cha wakubwa, ambacho amesema anakifikiria, kimeshaanza.