Glokenspili, metalofoni au vibrafoni: kipi ununue kwa mtoto au skuli hapa visiwani

Ukiagiza "zailofoni" unaweza kuletewa ya mbao. Ala yenye papi za metali iombe kwa jina lake: glokenspili, metalofoni au vibrafoni. Ninavipanga hapa kwa ajili ya mtoto anayeanza, nikijua hewa yetu ya Unguja na Pemba ina chumvi.

Cha kwanza kwangu ni metalofoni ya alto, yaani ya sauti ya kati, bila kusita. Papi zake kwa kawaida ni za alumini, hazishiki kutu kama chuma. Sauti yake ni nzito kiasi, haitoboi masikio hata darasa zima likipiga. Uzuri wake mkubwa ni kwamba papi zinang'oka: mwalimu akiondoa Fa na Si, nota zote zilizobaki zinapatana, na mtoto anatunga wimbo wake siku hiyohiyo. Ufundishaji huu ulitokana na Carl Orff na Gunild Keetman wa Ujerumani. Dai papi za akiba za Fa diezi (Fa iliyopandishwa nusu sauti) na Si bemoli (Si iliyoshushwa nusu sauti).

Cha pili, glokenspili ya chuma. Ni ndogo, inabebeka, na nota zake zimepangwa kama kinanda. Sauti ni kali, inatoka oktava mbili juu ya ilivyoandikwa. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na uyatazame matundu ya misumari, kwani kutu hupenda kuanzia hapo.

Kabla ya kulipa chukua rula. Papi ya sentimita 20 inatakiwa iegemee kama sentimita 4 na nusu kutoka kila ncha. Ikibanwa kwengine, sauti inakufa papo hapo. Kisha, kwenye metalofoni ya alto, pima La ya chini kwa programu ya simu ya kupima nota: isome hezi 440 au 442, yaani mitetemo kwa sekunde.

Vibrafoni ni tamu mno, ina pedali na mota, lakini ni ya bendi na ukumbi.

Vile vya kuchezea vya rangirangi naviweka mwisho. Vingi havijapimwa sauti, na sikio la mtoto linazoea kosa.

Kama nia ni taarab, pesa iwekee kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Maqamu (mipangilio ya nota) za hijazi na nahawandi utazipiga kwenye papi, ila rasti na bayati zinataka robo sauti, na papi haina.