Crown ya 2.5 inayokula oili, na yadi iliyonituma nikanunue baiskeli

Nilitaka hasira ishuke kwanza ndipo niandike. Haijashuka, basi naandika nayo.

Gari ni Toyota Crown Royal Saloon, GRS200, injini ya 2.5 ambayo mafundi wanaiita 4GR. Limetoka Japani, limenunuliwa yadi moja hapa Dar es Salaam miezi kadhaa iliyopita, rangi inang'aa, viti kama havijawahi kukaliwa. Urefu wake, nguvu zake na idadi ya spika, hayo kila mtu anaweza kuyatafuta. Mimi nina neno moja tu: linakula oili. Lita moja kwa kila kilomita 1,000 hivi, na mara nyingine kilomita hazifiki huko. Ukichungulia chini hakuna hata tone, na kwenye rejeta hakuna mafuta yanayoelea. Oili inapenya ndani ya silinda, inaungua, inatokea kwenye ekzosi.

Nilirudi yadi kwa heshima zote, vipimo vyangu vya wiki kadhaa nimeviandika kwenye karatasi. Jibu la muuzaji: "Bosi, kama unataka gari isiyoongezwa oili, kanunue baiskeli." Karatasi hakuishika hata kwa kidole.

Pistoni ya injini hii ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usishuke. Ya tatu, ya chini kabisa, kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kupitia vitundu vidogo kwenye pistoni. Gari likicheleweshwa kumwagwa oili, au likiishi maisha ya safari fupi fupi bila injini kupata moto sawasawa, vitundu hivyo vinaziba kwa masizi na ringi inaganda kwenye mfereji wake. Ikishaganda haikwangui tena, na oili inabaki ukutani ikisubiri kuungua. 4GR ina ugonjwa huu, na ina mwingine juu yake: nozeli zinapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi kamwe na petroli. Mvuke wa oili unazifikia, unakauka, unakuwa ukoko mweusi. Lexus IS250 ina injini hiyo hiyo, na Marekani wenye magari hayo walililia ukoko huu miaka mingi.

Sasa sikia walichonifanyia. Walileta fundi wao, akapima kompresheni kwenye silinda zote sita, namba zikatoka karibu sawa, akanionyesha geji kama hakimu anayesoma hukumu: "Injini nzima." Huo ni ujinga au ni uongo, na mtu wa yadi hana ruhusa ya kuwa mjinga wa bidhaa anayouza. Kompresheni inapima ringi mbili za juu na valvu. Ringi ya oili haiguswi na kipimo hicho. Silinda inaweza kuwa na kompresheni nzuri kabisa na bado ikanywa oili kama mchanga unavyonywa maji. Hata ule ujanja wa kumimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi kisha kupima tena unakuambia tu kama mgandamizo unavuja kwenye ringi za juu au kwenye valvu. Anayetaka kujua habari ya oili apime oili: gari kwenye sakafu iliyo sawa, injini imezimwa dakika kumi, ujaze hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili, uandike kilomita, utembee 1,000, urudi sakafu ile ile, kisha ujaze tena kwa chupa yenye vipimo. Hakuna mashine inayoshinda hiyo.

Kwa mnunuzi, ambaye hawezi kupewa kilomita 1,000 za majaribio, dalili zipo, na zote zinaanzia kwenye injini baridi. Ukifika yadi, kabla hujasalimiana sana, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto wakati gari linadaiwa halijawashwa tangu jana, ondoka. Mimi nilikuta ya uvuguvugu nikaambiwa "tumelisogeza tu." Injini iliyokwisha kuwashwa imeshatoa ule moshi wa kwanza wa asubuhi, na moshi wa kwanza ndio shahidi.

Likiwa baridi, vuta kijiti. Oili mpya kabisa si sifa. Ipake kwenye vidole: ikiwa nzito, inavutika kama asali, huenda wametia 20W-50, oili nzito, ili kuficha. Fungua kifuniko cha oili, mulika tochi ndani. Rangi ya kahawia ni kawaida, lakini tope jeusi lililoganda linasema gari limenyimwa oili miaka. Washa, mtu mwingine asimame nyuma. Liache liungurume dakika kumi bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga kwa nguvu mara moja. Wingu la bluu likitoka ni oili. Moshi mweupe unaopotea haraka ni maji tu ya asubuhi. Halafu lazima barabarani, mahali penye mteremko. Shuka bila kukanyaga mafuta, gia imeshika, kisha chini kabisa kanyaga huku unatazama kioo cha nyuma. Gari langu lilitembezwa pale pale mtaani penye tambarare. Siku liliposhuka mlima Kitonga, njia ya Iringa, ndipo nilipoona bluu yote iliyofichwa.

Usihukumu kwa masizi makavu ndani ya bomba la ekzosi. Injini hizi za kupulizia ndani huacha weusi mkavu hata zikiwa nzima. Kibaya ni weusi wenye utelezi, unaobaki kidoleni kama grisi. Na ukiruhusiwa, toa plagi moja moja: yenye oili kwenye ncha inataja silinda yake.

Karatasi nazo. Gari la Japani mara nyingi huja na stika ndogo kwenye ubavu wa mlango au ndani ya boneti, inaonyesha kilomita na tarehe ya kumwaga oili. Mwaka unaweza kuwa wa kalenda yao: 28 ni Heisei 28, yaani 2016. Stika hiyo inasema kweli kuliko dashibodi. Kwangu nilikuta alama ya gundi tu, stika imebanduliwa. Karatasi ya mnada wa Japani niliyotumiwa ilikuwa picha iliyokatwa upande wa kilomita. Ningeomba nzima, na wakikataa ningeacha pesa zangu mfukoni.

Ushauri wa yadi ulikuwa niweke oili nzito. Msikubali. 4GR ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, ambao husogeza kamshafti mbele au nyuma kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi, mnyororo unalia, taa ya injini inaweza kuwaka kwa kosa la VVT-i. Moshi unapungua wiki chache, na wiki hizo ndizo anazozihitaji muuzaji. Ringi iliyoganda haijaguswa.

Mpango wenye akili ni huu. Kwanza valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia injini. Ni kitu cha bei ndogo: itoe, itikise, isipolia imeganda, weka mpya. Kisha oili nyepesi, 5W-30 ya kweli, lita 6.3 pamoja na filta, na umwage kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Pima tena. Ikiwa bado, kuna mafundi wanaotoa plagi zote, wanamimina dawa ya kulainisha masizi juu ya pistoni, wanaiacha usiku mzima. Hapo kuna hatari moja ambayo fundi mvivu huisahau: kabla ya kurudisha plagi, injini izungushwe kwanza kwa spana, kisha kwa stata, dawa yote itoke. Kioevu hakigandamiziki. Ukiwasha kimebaki, unapinda konrodi, mkono unaobeba pistoni. Baada ya hapo oili na filta vinabadilishwa mara moja, maana dawa imeshukia kwenye sampu. Inasaidia baadhi, baadhi haiwasaidii. Mwisho wa njia ni kushusha injini, pistoni na ringi mpya. Wengi hukimbilia injini ya mtumba kutoka Japani, lakini hiyo nayo ni 4GR, historia yake huijui, na unaweza kununua ugonjwa ule ule kwa mara ya pili.

Ukoko wa valvu una dalili zake: gari limesimama kwenye taa linatetemeka, asubuhi linakohoa, koili na plagi umebadilisha na bado. Manifoldi inafunguliwa, kila silinda inafanyiwa kazi valvu zake zikiwa zimefungwa, ukoko unalainishwa na kukwanguliwa, uchafu unavutwa nje, gasketi mpya. Dawa ya kumimina kwenye tangi la petroli haisaidii valvu hizi hata kidogo, kwa sababu petroli haipiti hapo. Wanaowauzia watu chupa hizo kwa ajili ya 4GR wanawaibia.

Sasa niseme jambo linaloniuma, kwa kuwa ni haki. Vitabu vingi vya Toyota vinaruhusu hadi lita moja kwa kilomita 1,000. Yadi walinirushia hilo usoni, na maneno yapo kweli. Lakini huo ni ukomo, na gari langu linakaa kwenye ukomo, mara nyingine linaupita. Kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni kama lita moja hadi moja na nusu. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ukitoka na oili pungufu unafika huko kijiti kikavu, na taa nyekundu ya oili haitakuonya mapema, maana ile inapima presha. Ikiwaka, presha imeshakatika na beringi zinaumia. Na oili inayoungua kila siku inaziba masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, gari linakuwa zito, linashindwa kupanda. Hayo hawakuyasema.

Na gari lenyewe? Hapa ndipo nashindwa kulichukia. Watu wazima wanne wanasafiri kutwa nzima hakuna anayelalamika mgongo. Barabara mbovu inasikika kwa mbali. Wa tano ndiye anayeonewa, kwa kuwa gari linasukuma kwa nyuma na handaki la propela shafti linapita katikati ya miguu yake, kwa hiyo pale mweke mtoto. Likijaa linakaa chini, matuta uyapande kwa mshazari, la sivyo kava za plastiki za chini zinang'oka moja moja. Gia boksi ni laini mno, mradi usiruhusu mtu amwage oili yoyote tu. Inataka WS, oili ya Toyota ya gia boksi, haina kijiti, na usawa wake unapimwa kwa nati ya chini oili ikiwa na joto maalumu. Nikiambiwa leo nichague tena gari kubwa la familia lililotumika, Crown ingebaki ya kwanza.

Ila si ya 2.5. Wala usiikimbie ukaangukia Mark X ya 2.5, ni injini hiyo hiyo. Camry ACV40 yenye 2AZ-FE nayo inajulikana kwa kula oili, pistoni zake zina kasoro ya namna hiyo hiyo. Crown ya 3.5, yenye 2GR-FSE, ina nozeli za aina mbili, za ndani na za kwenye manifoldi, valvu zinaoshwa. Petroli itakunywea, lakini ni injini yenye heshima. Crown ya haibridi, AWS210, nayo ina nozeli za aina mbili. Pale kagua betri kubwa ya nyuma, na usafishe njia ya hewa inayoipoza, vumbi letu huiziba. Gari jipya kabisa lenye waranti lingemaliza mjadala wote, kwa mwenye pesa hizo.

Nilipofika hapa nilitaka kuandika kwamba nalisamehe. Nimesoma tena juu, nimefika kwenye baiskeli, nimebadili mawazo. Gari halina kosa, lilitunzwa vibaya na mtu asiyejulikana. Kosa ni la waliojua, wakapasha injini moto kabla sijafika, wakabandua stika, wakatia oili nzito, kisha wakanicheka. Usinunue 4GR yadi ambayo haikubali uje alfajiri ukute boneti baridi. Sijali bei wanayokupunguzia.

Jana jioni nimepima tena. Tangu nijaze ni kilomita 640, na kijiti kimevuka nusu kwenda chini. Chupa ya 5W-30 na faneli viko kwenye buti, pembeni ya tairi la akiba.