Ziara ya laivu ya uwanja wa Ghetto kule Venice: nimelipa shilingi 1,200 nikiwa soko la Kibuye, Kisumu, rivyu ndio hii

Wadau, mmeniuliza sana kama ile ziara niliyoweka kwa stetasi ni ya ukweli ama nilichomwa, wacha nijibu hapa mara moja. Unalipa yuro 8, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ilinikata kama 1,200 hivi, siku ikifika jamaa anatembea na simu huko Venice, Italia, na wewe unamfuata ukiwa kwako. Kwangu mimi ilikuwa kibandani Kibuye, Jumatatu, soko limelala baada ya ile sukumana ya Jumapili, simu nimeiegemeza kwa beli ya jaketi, mama wa viatu na kijana wa mkokoteni wanachungulia kwa nyuma.

Kilichonifanya nilipe ni maneno mawili. Huku Kondele siku haiishi kabla mtu aseme geto ama shailoki, yaani mkopeshaji wa riba kali, na sikujua yote yametoka mji mmoja. Shailoki tuliosoma Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyotafsiri Nyerere, tunamkumbuka, yule Myahudi mkopeshaji aliyedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Lakini geto nilidhani ni mambo ya rap ya Wamarekani. Kumbe ni hapo, Campo del Ghetto Nuovo, kisiwa kidogo palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na wengi wanasema jina limetoka kwa hiyo kazi. Tarehe 29 Machi 1516 serikali ya Venice ikaamua Wayahudi wa mji wakae hapo. Usiku malango yanafungwa, walinzi ni Wakristo, halafu sikia hii, mshahara wa walinzi wanalipa haohao waliofungiwa. Kijana wa mkokoteni akasema basi ni kama kanjo tu, wale askari wa kaunti. Nikamwambia kanjo angalau jioni inakuachilia uende kwako.

Jamaa anajua kushika kamera, hiyo nampa. Alisimama katikati akazunguka polepole, tukaona visima vya mawe, miti michache, na zile nyumba zimepanda mpaka ghorofa saba hivi na madirisha yamebanana, kwa sababu watu waliongezeka na nafasi ilikuwa ileile kwa hivyo wakajenga kwenda juu na dari zikashushwa. Sinagogi, nyumba zao za ibada, ziko juu ghorofani, ukiwa chini unatafuta madirisha matano yamepangwa mstari. Ya kwanza ni ya 1528.

Sasa hapa ndio nilimwacha mteja akingoja. Wayahudi walikuwa wamekatazwa kazi nyingi, wakaachiwa chache tu, udaktari, kukopesha kwa rehani, na kuuza nguo kuukuu. Mitumba bana! Miaka mia tano iliyopita watu walikuwa wanavuka daraja kuingia kwa huo uwanja kutafuta koti la bei nafuu, jioni kabla lango lifungwe wanarudi kwao.

Na ule mkopo si vile tunavyodhani. Mji wenyewe ndio uliwalazimisha waweke benki za rehani za kusaidia maskini, moja inaitwa Banco Rosso na jina bado liko hapo, na riba ilipangwa na serikali ikafika asilimia 5. Tano! Mwaka jana nilichukua elfu kumi kwa mtu wa hapa mtaani, mwezi mmoja tu nikarudisha elfu kumi na tatu, na friji yangu ilishalala kwake wiki mbili. Huyo ndio tunamwita shailoki, jina tumembandika Myahudi bure.

Kibaya ni hiki. Alivyofika 1797, vile malango yalitolewa yakachomwa wakati wa Napoleon, alisimulia vizuri kabisa. Lakini 1943 na 1944, zaidi ya watu 200 wa Venice kukamatwa na kupelekwa kambi za Wanazi, alipita mbio, hapo hapo akaingia kichochoro mtandao ukakatika kama dakika kumi, na aliporudi alikuwa anaongea kuhusu mahali pa kahawa. Ilibidi ningoje rekodi, ambayo waliahidi kesho yake ikaja siku ya tatu, ndio nikasikia vizuri habari ya Giuseppe Jona, daktari aliyekuwa mkuu wa jamii yao, Septemba 1943 alitakiwa kutoa orodha ya majina ya Wayahudi akaona heri ajiue kuliko aitoe. Kuna kibao chake hapo uwanjani, na sanamu za shaba ukutani. Kitu kama hicho unasimama nacho, hukimbii kahawa.

Nyota nne, moja nimekata kwa hiyo. Kiingereza chake kinaeleweka, saa angalia vizuri kwa sababu wako nyuma yetu, na weka bando ya kutosha, ilikula karibu GB moja.

Mwisho kulikuwa na maswali. Mama wa viatu akanipora simu akauliza hiyo benki ya asilimia tano bado inakopesha. Akaambiwa siku hizi wanaingiza watalii tu. Akarudi kwa viatu vyake.