Harusi ya Landshut: Sherehe Inayostahili Kusubiriwa Miaka Minne

Jumapili moja ya Julai 2023 nilipanda treni kutoka München kwenda Landshut, mji wa Bavaria uliopo kando ya mto Isar, ili nione Landshuter Hochzeit. Katika sherehe hii wenyeji huigiza upya harusi iliyofungwa mjini humo Novemba 1475, kati ya Georg, mwana wa mtawala Ludwig aliyeitwa Tajiri, na Hedwig, binti wa Mfalme Kazimierz wa Nne wa Poland. Maonyesho ya Zama za Kati nimeyaona kadhaa nchini Ujerumani, na mengi ni masoko ya panga za mbao na pombe ya asali. Hili ni jambo lingine kabisa.

Tofauti yake utaiona kwanza kwenye nywele. Washiriki ni zaidi ya 2,000, na kwa kuwa nywele za bandia haziruhusiwi, wanaume hufuga nywele zao kwa miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Msafara uliposimama kidogo, mpiga ngoma mmoja alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa: nywele zimemfika mabegani na zimelowa jasho, viatu vyake vya ngozi laini havina kisigino na vimechakaa nchani kwa kusuguana na mawe ya barabara, na kwenye kifundo cha mkono, mahali pa saa, imebaki alama nyeupe ambayo jua halijaifikia.

Uangalifu huo una msingi. Mwaka 1482 Hans Seybolt, karani wa nyumba ya watawa ya Seligenthal, aliandika habari za harusi hiyo kwa kina, na hesabu za karamu zilizohifadhiwa zinataja ng'ombe 323, kuku 40,000 na mayai 194,345. Ukisimama katika barabara kuu iitwayo Altstadt, chini ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Martin wenye urefu wa mita 130, ambao hakuna mnara wa matofali unaoupita duniani, unaanza kuziamini hesabu hizo. Maigizo yenyewe yalianza mwaka 1903, na hadi leo yanaendeshwa na chama cha wenyeji kiitwacho Die Förderer.

Msafara wa Jumapili ndio kiini cha sherehe. Hupita wapiga tarumbeta, warusha bendera, wakuu waliopanda farasi, kisha gari la dhahabu la bibi harusi, na kila kundi likipita, washiriki na watazamaji huitikiana kwa sauti ndefu, "Hallooo!", mwitikio unaopokewa upande mmoja wa barabara na kurudishwa na upande wa pili kama vigelegele. Mimi sauti ilinikauka kabla gari halijafika.

Baadaye kuna michezo ya wapanda farasi uwanjani, ambapo mpanda farasi hulenga pete ndogo kwa ncha ya mkuki huku farasi yu mbioni. Inapendeza, lakini mwenye nafasi ya kuchagua kimoja achague msafara. Afike asubuhi, avae kofia na abebe maji, kwa sababu jua la Julai ni kali na umati ni mkubwa. Sherehe huja kila baada ya miaka minne, hivyo ya baadaye ni ya 2027, na anayetaka kiti asichelewe kununua tiketi.

Hadithi inayooneshwa inakoma penye furaha, kama ilivyo haki ya harusi yoyote. Hata hivyo Hedwig, aliyeolewa akiwa na miaka 18, aliishia kukaa katika ngome ya Burghausen, mbali na makao ya mumewe, na watoto wake wa kiume hawakuishi. Alifariki mwaka 1502. Kwa hiyo namshauri mgeni wa Landshut aongeze siku moja ya safari, aende hadi Burghausen, aitembee ngome hiyo ndefu iliyo juu ya mto Salzach tangu lango la kwanza hadi ua wa mwisho.